Jinsi Dansta Lilivyotapishwa Thika

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye sufuria jikoni aende aitoe motoni, kwa maana habari za Ngendo na magari ya Dansta hazipendi kukatizwa katikati.

Ngendo alikuwa mwanamke wa Kiganjo, pale juu ya Thika. Mfupi, mapaja kama magogo, na shingo iliyovutwa na mkanda wa kiondo tangu utoto hadi ikawa nene kama ya fahali. Kabichi na viazi vitamu alibeba mwenyewe mpaka soko la Ruiru, na watu wa njiani walisema akipita ardhi ilikuwa inaguna. Kusoma hakujua hata herufi moja, lakini ukimkosea alikuandika mahali, na mahali hapo hapakuwa na kifutio. Kuna mama mmoja wa Ruiru, Magdalene, aliyemuuzia kuku mgonjwa mwaka wa njaa. Ngendo alingoja miaka tisa, mpaka siku Magdalene alipoozesha binti, wageni wameketi, chakula kimepakuliwa, mhubiri amefumba macho, ndipo akasimama kutoa zawadi yake: kuku mmoja, amefungwa miguu, anakohoa.

Huyo ndiye Dansta walimkosea.

Dansta lilikuwa gari la Ulaya lenye bata wa chuma puani, na mwenye kuyauza Thika alikuwa mzungu mmoja mrefu ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Mwaka wa hamsini na moja, kabla nchi haijawaka moto, Ngendo na mumewe Bedan waliuza ng'ombe wanne na shamba dogo la bondeni wakanunua Dansta la kubebea mizigo. Lilikuwa jipya, au hivyo ndivyo walivyoambiwa. Bedan alikuwa dereva tangu vita vya Wajerumani na Waitalia, alikuwa ameendesha malori ya jeshi mpaka Habeshi, na alikuwa anajua gari kama mchungaji anavyojua mbuzi wake. Alilipenda Dansta lile kwa aibu. Asubuhi alikuwa anamwosha bata uso kabla hajaosha wake.

Miezi miwili tu. Siku ya soko, gari limejaa kabichi na wanawake kumi na mmoja juu ya kabichi, wanateremka kuelekea daraja la mto Ruiru, Bedan akakanyaga breki na breki ikazama kama mguu kwenye uji. Mbele kulikuwa na mto. Kushoto kulikuwa na kahawa ya mzungu, imepandwa mistari mizuri kama nywele zilizosukwa. Bedan akakata kushoto. Gari likala miti arobaini ya kahawa kabla halijashiba. Wanawake wote kumi na mmoja walitoka wazima, ila mmoja aliyekutwa juu ya mti akiwa bado ameshikilia kabichi yake, na mpaka leo hajaeleza alipandaje. Bedan alivunjika mguu wa kulia.

Kesi ya ajali ilipofika mahakamani, Bwana Miwani alisimama mbele ya hakimu akashika Biblia. Akasema breki za gari zilikuwa mpya kabisa, na dereva alikuwa na pombe kichwani. Bedan, ambaye tangu abatizwe hakuwa ameonja hata povu! Leseni yake ikachukuliwa. Mguu uliunganishwa vibaya, lakini hilo alilivumilia. Lililomwua ni jina. Watoto wakawa wanamwita Mvuna Kahawa. Mtu aliyepitisha lori la jeshi kwenye milima ya Habeshi usiku bila taa, sasa akawa anauza kamba za katani kando ya barabara, na kila injini ikipita anageuza shingo kama mtu anayeitwa na mama yake.

Ngendo hakulia. Alichukua chungu chake kikubwa cha kupikia, kile alichoolewa nacho, akatembea mpaka lango la Bwana Miwani mchana kweupe. Akakiinua juu. Kwa Wakikuyu chungu hakivunjwi ovyo. Ukikivunja kwa maneno, umefunga jambo, na aliyefungiwa atakonda mpaka wewe mwenyewe ukubali kumfungulia.

"Dansta na watu wa Dansta!" akapaza sauti. "Kama chungu hiki!"

Pa! Vigae vikaruka mpaka ng'ambo ya barabara.

Wanaojua husema kuanzia siku ile ndiyo Dansta zilianza kukonda. Wanaojua zaidi husema Ngendo alizisaidia kukonda. Maana alikuwa na mdomo, na alikuwa na soko mbili, Thika na Ruiru, na katika soko zote mbili akaupanda mdomo wake kama maharagwe. Mlisikia Dansta la yule mwenye duka? Fisi amezalia ndani, na watoto wa fisi wametoka na meno ya chuma. Mlisikia lile lingine? Mbwa wamekataa kulikojolea magurudumu, wanazunguka mbali wakifumba pua. Mtu akitaka kununua gari, mkewe alikuwa anamwuliza jambo moja tu: "Si hilo lenye bata?" Na mtu alikuwa anaenda kununua lingine.

Ikaja Hali ya Hatari na vijiji vyake vya mitaro na vipande vya utambulisho vya shingoni, na Ngendo hakusahau. Ikapita miaka sita na mmoja, kwa maana ile hesabu yenyewe sisi hatuitamki, ina mkosi. Mwaka wa hamsini na nane, asubuhi ya Jumatano, Bwana Miwani akaja Kiganjo kwa miguu yake. Alikuwa amevaa kofia, na alipofika mlangoni aliivua.

"Mama," akasema kwa kile Kiswahili chao, "mimi iko na shauri."

Ngendo alikuwa anamenya viazi. Hakumwonyesha kiti.

"Gari kumi na mbili iko yadi yangu. Hapana toka. Watu nasema sufuria ya mama."

"Chungu," akasema Ngendo.

"Chungu. Wewe toa ile maneno. Wewe sema soko, Dansta sasa iko mzuri. Mimi nitapa wewe gari moja mpya, rangi ya kijani. Bure." Kisha akamgeukia Bedan aliyekuwa amekaa kwenye kigogo, kamba za katani mapajani. "Na wewe, mimi nitaandika barua kwa serikali. Wewe napata leseni tena."

Bedan aliacha kusokota. Mikono yake ikafanya hivi, kama imeshika usukani. Ngendo aliona. Alitamani asingeona.

Mgeni alipoondoka, Bedan akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "Mama Wamboi."

"Usiniite."

"Gari halikukosa. Nilikwambia tangu zamani. Dansta ina injini nzuri, hata milima..."

"Baba Wamboi, mtu huyu alikuapia uongo juu ya kitabu cha Mungu, na wewe unamsifia injini!"

"Simsifii yeye. Nasifu injini." Akaokota kamba yake. "Nina miaka hamsini na mbili. Nikingoja mpaka hasira yako iishe, nitaendesha jeneza."

Ngendo akamenya kiazi kile mpaka kikaisha chote mkononi. Hapo ndipo shida ilikuwa. Kulipiza kisasi kulikuwa kutamu, miaka yote hiyo kulikuwa kutamu kama asali ya mzinga wa kwanza, lakini mwenye kufungwa ndani ya kile chungu hakuwa Bwana Miwani peke yake. Bedan naye alikuwa humo. Na barua ya Bwana Miwani ingesema nini? Ingesema dereva amesamehewa. Msamaha ni wa mwenye makosa. Bedan angerudi barabarani akiwa bado ni mlevi aliyevuna kahawa.

"Sitaki asamehewe," akasema mwishowe, kama anaongea na viazi. "Nataka mzungu yule aseme kwa kinywa chake, mbele za watu, breki zilikuwa na nini."

"Hatasema kamwe."

"Atasema. Kesho kutwa nitamwambia nimekubali."

Bedan akamtazama mkewe kwa woga. Alimjua. Alikuwa amekula ile arusi ya binti wa Magdalene.

Ngendo alimwambia Bwana Miwani hivi: chungu kilichovunjwa hakirudi kwa maneno. Dansta lina thahu, yaani uchafu usiotoka kwa sabuni, na thahu dawa yake ni moja, kutapishwa. Achinjwe mbuzi, Mzee Ndung'u, mganga wa kutakasa, achukue tatha, yale majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, mwenye thahu alambishwe na ateme, na kila akitema ataje anachokitapika. Akimaliza amekuwa safi, na Ngendo mwenyewe atalisifu Dansta sokoni mpaka sauti ikauke.

Bwana Miwani alicheka sana. "Gari hapana mdomo, mama!"

"Gari likikosa mdomo, mwenye gari ndiye mdomo."

Akaona ni mchezo wa washenzi, na mchezo utamwuzia gari kumi na mbili. Akakubali. Siku zile kukusanya watu na kuchinja mbuzi kulikuwa ni kujitafutia jela, serikali ilidhani kila mbuzi ni kiapo cha waasi. Bwana Miwani akaenda mwenyewe kuomba ruhusa, akaipata, lakini kwa sharti: afisa wa polisi awepo, aandike kila linalosemwa kitabuni. Ngendo aliposikia hivyo, akarudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisa. Yeye Jumapili alikuwa anakaa benchi la mbele, ila mambo ya thahu alikuwa amewaachia Mungu na Mzee Ndung'u wagawane wenyewe.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, uwanja ulio karibu na soko la Thika ulijaa. Dansta jipya la kijani likaletwa, linang'aa, bata wake anaangalia watu kwa dharau. Liliendeshwa na Dismas, fundi wa Bwana Miwani, kijana mpole kutoka kwa Waluhya, na tangu aliposhuka alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na mafuta. Afisa wa polisi naye akaja, mtoto mtoto tu, mgeni kutoka Ulaya, masikio mekundu kama nyanya. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari za chungu, kwa hiyo alikuja kwa gari lake mwenyewe, alilonunua kwa Bwana Miwani mwezi uliopita. Dansta. Rangi ya maziwa.

Ngendo alimpokea Bwana Miwani kama mkwe. Akamketisha kivulini, akampa bakuli la supu aliyoipika nyumbani.

"Kunywa, bwana. Mdomo mkavu hautapiki."

Akanywa. Akaongezewa, akanywa. Wengine wamesema kuna kitu Ngendo alitia kwenye supu ile. Mwenyewe mpaka uzee alikana. Alisema alitia mafuta ya mbarika tu, na mafuta ya mbarika ni dawa ya tumbo, hata watoto hupewa.

Mzee Ndung'u hakuwa na haraka. Alikuwa mzee wa macho madogo, hajawahi kupanda gari hata la ng'ombe, na kwanza alitaka kujua kama Dansta ni dume au jike, maana mbuzi hutofautiana. Wazee wakabishana jua likapanda. Mwisho wakasema linabeba, basi ni jike. Mbuzi akachinjwa, akapasuliwa, akachomwa, akaliwa, na jua lilikuwa limeanza kuinama Mzee Ndung'u alipochota tatha kwa jani la mgomba, akaipaka bata usoni, kisha akamwelekezea Bwana Miwani.

"Tapika," akasema.

Bwana Miwani akagusisha ulimi, akatema, akasema kwa sauti ya kuchekesha watu: "Mimi tapika... mimi tapika mbuzi! Mimi tapika bibi mkali!"

Watu wakacheka. Afisa akaandika. Bedan alikuwa nyuma, ameegemea fimbo yake, hacheki.

"Tapika."

"Mimi tapika sufuria!"

Mzee Ndung'u akainama, akaangalia chini ya gari. Akainuka taratibu, magoti yakilia.

"Huyu mwenyewe hajatoa kitu," akasema, akiligonga gari tumboni kwa fimbo. "Mwenye gari ametema mate, sawa. Lakini mgonjwa nani? Mgonjwa huyu hapa. Tumbo lake limejaa. Nani hulifungua?"

Watu wakamwangalia Dismas. Dismas akamwangalia Bwana Miwani.

"Fungua, fungua," akasema Bwana Miwani, bado anacheka. "Oili tu."

Dismas akalala chini na spana yake, akafungua nati ya injini. Mafuta yakatoka, laini, rangi ya chai ya rangi. Wanawake wakapiga vigelegele. Dismas akafunga haraka, akaanza kujikokota atoke.

"Na kule nyuma?" akauliza Ngendo.

"Nyuma wapi, mama?"

"Kule kwenye kitumbo cha katikati ya magurudumu. Mume wangu huita difu. Mwenye matumbo mawili hutapika moja tu? Fungua na hilo."

"Hilo tuache, mama. Halina..." Dismas akatafuta neno. "Halina njaa."

"No, no," akasema Bwana Miwani, na kicheko kikawa kimeishia mahali. "Hiyo basi. Kazi kwisha."

"Mbuzi ameshaliwa," akasema Mzee Ndung'u. "Kazi iliyolipwa mbuzi haiishii nusu. Thahu ikibaki tumboni inamrukia aliyekuwa mdomo."

Wanawake wa soko wakasogea. Kumi na mmoja wao walikuwa wale wa juu ya kabichi, na yule wa mtini alikuwa mbele. Dismas akavuta pumzi kama mtu anayeingia mtoni, akarudi chini. Nati ikalia.

Hayakutoka mafuta. Kilitoka kitu kizito, cheusi, kinaanguka tonge tonge kwenye karai kama uji wa wimbi uliokaa siku tatu. Mzee Ndung'u akatia kidole, akanusa.

"Ng'ombe huyu amekula nini?"

Bedan alikuwa ameshafika. Hakuna aliyemwona akitembea, lakini alikuwa pale, amepiga goti moja, mguu mbaya umenyooka pembeni. Akasugua ule uji kati ya vidole, akaufungua kiganjani, akautazama kwenye jua. Na yeye, aliyelitetea Dansta miaka yote hiyo hadi mkewe akamkatalia blanketi, sauti yake ikatoka nyembamba.

"Ni unga wa mbao," akasema. "Gia zimekwisha, zinapiga kelele. Ukiweka unga wa mbao zinanyamaza, mpaka mnunuzi afike nyumbani." Akatoa kisu mfukoni, akakwaruza rangi ya kijani karibu na mlango. Chini yake kulikuwa na bluu. Chini ya bluu, nyeusi. "Gari hili limezaliwa mara tatu."

"Uui!" wakasema watu wote pamoja.

"Nani alitia?" akauliza Ngendo.

"Mimi," akasema Dismas kutoka chini ya gari, bila kutoka. "Mimi ndiye nililisha. Kila Jumatatu nilikuwa naenda kwa mashine ya mbao na debe. Nilikuwa natumwa."

Yule afisa wa masikio mekundu alikuwa ameacha kuandika. Alielewa Kiswahili kidogo, lakini unga wa mbao aliuelewa kwa macho. Akamwonyesha Dismas gari lake la rangi ya maziwa kwa kidole.

"Ile yangu," akasema. "Fungua."

Likafunguliwa. Uji ule ule. Tofauti ilikuwa moja, huu ulikuwa na msumari.

Bwana Miwani akaanza kueleza, kwa Kizungu, haraka, na hapo katikati ya maelezo akanyamaza. Akashika tumbo. Wanaohadithia husema tumbo lile liliunguruma hata punda aliyekuwa amefungwa sokoni akaitikia. Jasho likamtoka. Akageuka aelekee vyoo vya soko, ng'ambo ya uwanja, na mbele yake akakuta wanawake kumi na mmoja wamesimama bega kwa bega, viondo mgongoni.

"Toka! Toka, mama!"

"Thahu imemrukia," akasema Mzee Ndung'u, na mwenyewe alishangaa kidogo, maana haijapata kufanya haraka hivyo. "Ilikuwa bado haijatajwa yote."

Ngendo akaja mbele yake. Alikuwa anamfikia kwenye vifungo vya tumbo, na hapo ndipo alipoongea napo.

"Taja breki za Bedan."

"Mama, mimi naomba!"

"Mimi pia niliomba, bwana. Nilikuja kwako mguu wa mume wangu ukiwa bado umefungwa mbao. Ulisema nije kesho. Nilikuja kesho, ukasema nije kesho. Taja."

Tumbo likaunguruma mara ya pili. Punda naye.

"Ilikuwa breki ya zamani!" akalia Bwana Miwani. "Mimi toa kwa lori moja, lori nakufa, mimi weka kwa gari yake! Mimi najua iko mbaya!"

"Na pombe?"

"Hapana pombe! Dereva hapana kunywa! Dereva iko mzuri! Mimi danganya hakimu! Fungua njia, mama, fungua!"

Ngendo hakufungua. Alimgeukia afisa. "Umeandika?"

Afisa akamaliza mstari, taratibu, akaweka nukta. "Nimeandika."

"Msomee Bedan."

Afisa akasoma, kwa Kiswahili chake cha kukwama kwama, neno kwa neno, na Bedan amesimama kama askari, mikono ubavuni, fimbo imeanguka. Dereva hapana kunywa. Dereva iko mzuri. Akasema, "Rudia hapo." Afisa akarudia hapo. Ndipo Ngendo aliposogea kando, hatua moja, na Bwana Miwani akapita mbio. Kama alifika au hakufika, wanawake wa Thika wana majibu mawili, na lile wanalolipenda zaidi si la kusimulia mbele ya watoto.

Afisa alirudi Jumatatu kwa Bwana Miwani akachukua vitabu vyake vyote, na katika vitabu lile lori lililokufa lilipatikana, na breki zake hazikupatikana. Yadi ikafungwa. Kabla ya kahawa kuiva, Bedan alipewa leseni yake, na pamoja nayo karatasi yenye muhuri inayosema hakuwa na kosa. Ngendo hakuweza kuisoma, lakini aliibeba kifuani na kumwonyesha kila aliyewahi kusema Mvuna Kahawa, akawa anasubiri mpaka asome kwa sauti.

Sasa wakubwa wa Dansta waliokuwa Nairobi wakaona aibu. Wakatuma lori jipya, hili jipya kweli, na mtu wa kuomba radhi. Mtu huyo akasema kampuni inamwomba Mama Ngendo awape nafasi ya pili. Lori likaachwa pale Kiganjo mbele ya nyumba siku tatu, ufunguo ndani, waamue.

Siku ya kwanza Bedan hakuligusa. Siku ya pili alilizunguka. Siku ya tatu Ngendo alimkuta amefungua bonneti, amelala kifudifudi juu ya injini, anasikiliza chuma baridi kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama Wamboi," akasema bila kuinua kichwa. "Difu nimefungua. Ni mafuta tu. Breki nimezivua zote nikazirudisha. Ukisema lirudi, litarudi. Sitasema neno, nitatafuta kazi kwa malori ya watu."

Na Ngendo akajua kweli hatasema neno, na kwamba kunyamaza kwake kutakuwa kurefu kuliko ile miaka yote. Alilitazama lile gari na moyo wake haukulainika hata kidogo. Ulikuwa umekauka vizuri, kama kuni za kiangazi. Kusamehe hakujua. Lakini akiwa anatazama, kitu kingine kikamjia, polepole, kitamu, na akaanza kutabasamu mpaka Bedan akashtuka.

"Likirudi Nairobi litakaa kivulini," akasema. "Litaoshwa. Litauzwa kwa mtu wa kulibembeleza. Hapana. Likae hapa. Nitalipatia hiyo nafasi ya pili wanayotaka. Wewe utaendesha, na mimi nitapakia."

Akapakia. Haki ya Mungu, alipakia! Mawe ya timbo la Ruiru, ambayo malori mengine yalibeba kwa zamu tatu, Dansta lilibeba kwa moja. Viazi, makaa, mabati, katani, kanisa zima la mbao na benchi zake na mhubiri juu. Mahali ng'ombe waliteleza, Ngendo alisema pitia hapo hapo. Hakukubali kuketi mbele karibu na mumewe, asije akaonekana ni mgeni wa Dansta. Alipanda juu ya mzigo, akakaa kama mnyapara, na kila chuma kilipolia chini yake alisema, "Lia." Aliomba life barabarani, mbele za watu, kifo kirefu.

Halikufa. Mwaka wa kwanza, wa pili. Alfajiri na mapema, ukungu wa Thika ukiwa bado umelala juu ya mananasi, Bedan alikuwa anatoka na mguu wake mbaya, anavuta stata mara moja tu, na lori linanguruma. Naye alikuwa anapiga mluzi. Miaka yote ya kamba za katani hakuwa amepiga mluzi hata siku moja.

"Umesikia?" alikuwa anaita kutoka kwenye usukani. "Mara moja tu, Mama Wamboi! Mara moja!"

Ngendo, juu ya magunia, alikuwa anatema mate pembeni na kumwambia aliye chini arushe gunia jingine.